Hospitali ya mazoezi ni ndogo: je, nihamie chuo cha mjini?

*"Shikamoo mwalimu. Nasoma shahada ya uuguzi na ukunga, mwaka wa pili, katika chuo kikuu cha mkoani. Hospitali tunayofanyia mazoezi ni ndogo, wanazaliwa watoto watatu hivi kwa siku. Tulipangiwa leba wiki nne tukiwa sita, Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Nimezalisha akina mama wawili tu. Rafiki yangu anasoma chuo kikubwa mjini, kwao wanazaliwa thelathini kwa siku. Nadharia nafaulu vizuri, ila kwenye mtihani wa vitendo nilianguka kituo cha kupima tumbo: nilisema kichwa kiko juu, kumbe ni makalio. Tena nikiwa leba nilipima njia, kuona mlango wa kizazi umefunguka kiasi gani, nikasema sentimita 6, mkunga alipopima akasema 4. Niliona aibu, na tangu siku hiyo sitaki kupima tena. Nyumbani wananiambia ukunga ni wito, kama mkono huna basi huna. Nafikiria kuhamia mjini mwaka wa tatu, ingawa nitarudia mwaka. Nifanyeje?"*

Marahaba, mwanangu. Umeuliza swali moja lakini ndani yake yamo mambo mawili, na ukiyachanganya utafanya uamuzi mbaya. La kwanza ni idadi ya akina mama unaowapata. La pili ni mkono wako: tumbo ulilokosea na njia uliyopima ukakosea. La kwanza ni suala la ratiba, la pili ni suala la namna unavyorekebishwa. Kuhama chuo kunaweza kusitatue hata moja kati ya hayo.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa umenipa takwimu zote. Watoto watatu kwa siku, siku 28, ni watoto 84. Tuseme mmoja kati ya watano anazaliwa kwa upasuaji; wanabaki 67 hivi waliozaliwa kwa njia ya kawaida. Mko sita. Kila mmoja angeweza kupata kumi na mmoja. Wewe umepata wawili. Tisa wako wameenda wapi?

Wamezaliwa ukiwa umelala. Wiki ina saa 168, ninyi mlikuwa leba saa 40, yaani chini kidogo ya robo. Robo ya 67 ni kama kumi na sita; gawanya kwa sita, unapata wawili au watatu. Kwa hiyo wawili wako si bahati mbaya wala si uzembe, ndicho hasa kiasi ambacho ratiba ile inaweza kutoa. Na uchungu unaoanza wenyewe una tabia ya kuishia usiku wa manane kuelekea alfajiri, saa ambazo wanafunzi hawapo, kwa hiyo huenda hata hesabu hii imewapendelea.

Sasa mpeleke rafiki yako kwenye hesabu hiyohiyo. Thelathini kwa siku ni 840 kwa wiki nne. Saa za mchana za siku za kazi zinachukua mia mbili hivi. Toa wa upasuaji, ambao katika hospitali ya rufaa huwa ni wengi kuliko kwenu, na toa wenye matatizo makubwa ambao mwanafunzi hapewi. Kisha hesabu wanaogombea waliobaki: wanafunzi wa shahada, wa stashahada, wa udaktari, na madaktari walio kwenye mafunzo ya kazi. Wakiwa sitini, na hospitali kubwa ya kufundishia inaweza kufika hapo, naye anatoka na wawili au watatu. Muulize swali lisilohusu thelathini: "Wangapi umewapokea kwa mikono yako, mkunga akiwa amesimama pembeni yako?" Kusimama mstari wa tatu nyuma ya kitanda ukichungulia begani kwa mwenzako nako ni kujifunza, lakini si ukunga.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika barua ya kuhama, andikeni ninyi sita barua kwa mratibu wa mazoezi. Ombeni zamu zigawanywe mchana, jioni na usiku, wawili wawili. Katika jozi, mmoja anampokea mtoto na kutoa kondo la nyuma, mwenzake anamshughulikia mtoto na kujaza chati. Kwa mama anayefuata mnabadilishana. Mratibu atakuwa na hoja mbili za kukataa: usalama wa usiku na msimamizi. Zijibuni kabla hajauliza. Semeni mtalala wapi, mtasafiri vipi, na ni mkunga gani wa zamu ya usiku aliyekubali kuwasimamia. Barua yenye jina la mkunga aliyekwisha kukubali ina uzito kuliko ya malalamiko. Zamu ya usiku bila msimamizi msiikubali hata mkipewa, kwa sababu mwanafunzi aliyeachwa peke yake na mama anayejifungua anamhatarisha mama, anajihatarisha mwenyewe, na hakuna anachosahihishwa.

Unahitaji wangapi? Jibu linatoka kwa baraza linalosajili wauguzi na wakunga mahali unapokusudia kufanya kazi, na idadi hiyo inapaswa kuwa kwenye kitabu chako cha kumbukumbu za mazoezi. Ukitaka kipimo cha kulinganishia, Umoja wa Ulaya katika maelekezo yake ya mwaka 2005 kuhusu kutambuana kwa taaluma unataka mwanafunzi wa ukunga azalishe mwenyewe akina mama wasiopungua 40. Maelekezo hayohayo yanaruhusu idadi ishuke hadi 30 pale akina mama wanapokuwa wachache, mradi mwanafunzi asaidie kwa wengine 20. Na kwa mtoto anayetanguliza makalio, pale nafasi isipopatikana, yanakubali mazoezi ya kuigiza. Kumbe uhaba wa akina mama si aibu ya chuo chako peke yake. Hata waliotunga sheria za nchi tajiri waliukuta na kuuandikia kifungu. Kwa ratiba ya zamu zote, hospitali yako inakupa kumi na mmoja kwa wiki nne. Awamu nne za namna hiyo hadi mwaka wa nne zinakufikisha arobaini na zaidi.

Hilo limetosha. Suala la mkono ndilo refu.

Unashangaa kwamba nadharia unafaulu na vitendo unaanguka. Mwaka 1990 George Miller, mtaalamu wa elimu ya udaktari wa Marekani, alipanga umahiri kwa ngazi nne: kujua, kujua namna, kuonyesha, na kutenda kazini. Kila ngazi hupimwa kivyake. Karatasi ya nadharia inapima mbili za chini tu. Aliyepata alama 80 kwenye karatasi amethibitisha kwamba anajua kichwa cha mtoto ni kigumu na cha mviringo. Vidole vyake bado havijui. Vidole hujifunza kwa njia moja: vinakisia, vinaambiwa ukweli palepale, vinakisia tena. Ukiondoa kule kuambiwa ukweli, unaweza kushika matumbo mia tano ukaendelea kukosea vilevile, tena kwa kujiamini zaidi.

Hapo ndipo kliniki ya wajawazito inapokufaa kuliko leba, na wanafunzi wengi huidharau. Leba ndogo inakupa mama mmoja kwa zamu. Kliniki ya hospitali hiyohiyo inaweza kukupa matumbo ishirini asubuhi moja, kila moja likiwa na jibu lake karibu: mkunga anayepima baada yako, au karatasi ya altrasaundi ya siku za karibuni. Sharti ni moja. Andika ulichokipata kwenye kijidaftari chako kabla hujaiona kadi na kabla mkunga hajasema. Mwanafunzi aliyesoma kadi kwanza hapimi tumbo, anathibitisha kadi.

Fanya hivi. Mama akojoe kwanza, maana kibofu kilichojaa hunyanyua mfuko wa uzazi na kuuficha upande wa chini. Alale chali kichwa kimeinuliwa kidogo, magoti yamekunjwa ili misuli ya tumbo ilegee, na usimlaze hivyo kwa muda mrefu. Pasha mikono yako moto. Tumia viganja na matumbo ya vidole, si ncha. Ncha zinamuumiza, naye akijikaza hutahisi chochote. Upime kati ya mkazo mmoja na mwingine.

Hatua ya kwanza, ukimtazama mama usoni, mikono miwili iko kwenye kilele cha mfuko wa uzazi. Hapa ndipo ulipokosea. Wengi hutafuta ugumu, na makalio ya mtoto aliyejikunja vizuri nayo ni magumu ya kutosha kukudanganya. Tafuta mwendo badala ya ugumu. Kichwa kimeshikwa na shingo: ukikisukuma kwa kiganja hiki kinacheza peke yake na kurudi kugonga kiganja cha pili, huku mwili umetulia. Makalio yameungana na mgongo: ukiyasukuma, mwili mzima unakwenda nayo. Tena chini ya kichwa kuna mfereji wa shingo ambao vidole vinaingia. Makalio yanaendelea moja kwa moja kwenye mgongo bila mfereji.

Hatua ya pili, pembeni. Mkono mmoja unazuia, mwingine unatafuta. Upande wenye ubao mrefu, laini na uliotulia ni mgongo. Wenye vifundo vidogo vinavyoteleza ni mikono na miguu. Hatua ya tatu, mkono mmoja unashika kitangulizi, yaani sehemu ya mtoto iliyotangulia chini, juu kidogo ya mfupa wa kinena, kidole gumba upande huu na vidole vingine upande ule, ukiuliza swali lilelile la mwendo. Hatua ya nne unageuka kuitazama miguu ya mama, unashusha vidole vya mikono miwili kuelekea kwenye nyonga, na unakadiria ni sehemu ngapi kati ya tano za kichwa bado zinashikika juu.

Kisha acha masikio yaamue. Mapigo ya moyo husikika kwa nguvu zaidi kupitia mgongo wa mtoto. Kichwa kikiwa chini, utayapata chini ya kitovu cha mama. Makalio yakiwa chini, utayapata usawa wa kitovu au juu yake. Kama vidole vimesema kichwa kiko chini lakini moyo unapiga juu ya kitovu, usiandike chochote. Rudi hatua ya kwanza, kisha mwite mkunga. Na unapopima kimo cha mfuko wa uzazi kwa utepe, geuza utepe ili namba zitazame chini, weka alama, ndipo ugeuze usome. Ukiona namba mapema, mkono wako utavutwa na wiki ulizokwisha kuambiwa.

Sasa ile 6 iliyokuwa 4. Kwanza nikutoe aibu: tofauti ya sentimita moja kati ya wapimaji wawili wazoefu ni jambo la kila siku. Yako ni mbili, kwa hiyo inafaa kushughulikiwa, lakini haisemi kwamba huna mkono. Kuna sababu chache zinazojulikana, nawe angalia ipi ni yako. Wanafunzi wengi huvitanua vidole hadi mlango wa kizazi unavutika. Kwa mama aliyekwisha kuzaa mara kadhaa mlango ni laini, unakubali, na wewe unasoma ulivyouvuta badala ya ulivyokuwa. Wengine hupima mkazo ukiwa kileleni. Kwa mama huyohuyo mwenye watoto kadhaa, mlango wa nje unaweza kupitisha vidole kwa urahisi wakati wa ndani bado umebana. Aliyeishia nje husoma namba kubwa. Na wapo wasiojua upana wa vidole vyao. Je, wewe unaujua? Chukua rula leo. Pima kidole cha shahada na cha kati vikiwa vimebanana, halafu vitanue hatua kwa hatua ukisoma kila nafasi, hadi uweze kufumba macho, utanue sentimita 5, ufumbue, na ukute ni 5.

Baada ya hapo tengeneza miduara ya kadibodi ngumu au vipande vya bomba la plastiki, kuanzia sentimita 1 hadi 10, uviweke ndani ya boksi lenye tundu la mkono. Mwenzako anakuchagulia, unapima bila kuona, unataja, anakuambia. Dakika kumi na tano kila jioni kwa wiki mbili zinatosha kuona mabadiliko. Kwa namba kubwa usihangaike kutanua vidole. Pima ukingo uliobaki. Ukingo wa sentimita moja kila upande maana yake ni 8. Ukiwa huushiki ukingo popote, ni 10.

Nakusisitizia boksi kwa sababu mama si chombo cha mazoezi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kupima njia kila baada ya saa nne katika uchungu uliokolea, kwa mama asiye na tatizo, kwa kuwa kila kipimo kinaongeza nafasi ya kuingiza vijidudu na kinamchosha. Kumpima mara mbili, wewe kisha mkunga, kunakubalika mama akiwa ameelezwa na ameridhia, na kipimo cha wote wawili kikihesabiwa kuwa kipimo cha saa hiyo. Kujipimia tu ili uone, hapana. Na katika hicho kimoja unachopewa, taja namba yako kwa sauti kabla mkunga hajataja yake. Najua ndicho unachokikimbia. Ukinyamaza ukasubiri yake kisha ukaitikia kwa kichwa, umemsumbua mama bure.

Inafaa pia ujue kwa nini sentimita mbili zina uzito, maana ukielewa hutakasirikia kusahihishwa. Katika mwongozo wa uangalizi wa uchungu uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2020, uchungu uliokolea unahesabiwa kuanzia sentimita 5. Kila sentimita ina muda wake wa tahadhari: mama akikaa kwenye 5 kwa saa 6, kwenye 6 kwa saa 5, kwenye 7 kwa saa 3, kwenye 8 kwa saa mbili na nusu, au kwenye 9 kwa saa 2, chati inakutaka uchukue hatua. Mama wako alikuwa 4, hajaingia hata kwenye chati. Ukimwandikia 6, saa inaanza kuhesabu. Baada ya saa tano anapimwa, yuko 6 ya kweli, yaani ameendelea vizuri kabisa, lakini chati inasoma kwamba amekwama. Hapo ndipo anapowekewa dripu ya oksitosini, dawa ya kuongeza uchungu, asiyoihitaji, au anapelekwa kwenye upasuaji. Patografu, yaani chati ya uchungu ya zamani, iliyoanza kwenye 4 na kudai sentimita moja kila saa, ilikuwa na hatari hiyohiyo, tena kali zaidi. Kama hospitali yenu bado inaitumia, jifunze zote mbili.

Kuhusu wito, nitasema kwa kifupi. Wito unaweza kukufanya uamke saa nane usiku bila kununa, lakini haukuonyeshi mfereji wa shingo ya mtoto ulipo. Waliokuambia hivyo wanakupenda. Wamechanganya tabia na ujuzi.

Lipo jambo ambalo hospitali ndogo kweli haina, na sitakuficha. Hutaona wodi ya wagonjwa mahututi, wala watoto njiti walio kwenye mashine za kupumulia, na mara nyingi mama mwenye hali ngumu atapewa rufaa kabla hujajifunza kwake. Kifafa cha mimba, bega la mtoto kukwama, pacha wa pili aliyelala kingamo, huenda ukamaliza shahada bila kuviona. Lakini hata wa mjini anaweza asivione akiwa zamu, na akiviona atasogezwa pembeni, kwa haki kabisa. Dharura hazifundishwi kwa kuzisubiri. Zinafundishwa kwa mazoezi ya kuigiza yanayorudiwa, na mengi hayataki vifaa vya gharama.

Damu inayomtoka mama baada ya kujifungua, kwa mfano. Macho hukadiria damu chini ya kiasi chake, hasa ikiwa nyingi. Changanya maji na rangi, pima mililita 500 kwa jagi, mwaga kwenye shuka, mililita 300 kwenye pedi, nyingine sakafuni. Kila mmoja akadirie kabla ya kuambiwa. Kisha pima pedi kwa mizani, ikiwa imelowa na ikiwa kavu. Gramu moja ya tofauti ni takriban mililita moja. Mkishaona mnavyodanganyika, mtaelewa kwa nini leo inasisitizwa kutandika chini ya mama mfuko wenye alama za vipimo, na kwa nini matibabu hutolewa kwa mkupuo: kusugua mfuko wa uzazi, dawa ya kuubana, asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu ikate) gramu 1 kwenye mshipa kwa dakika 10 ndani ya saa 3 tangu kujifungua, maji ya dripu, kukagua damu inatoka wapi, na kuita msaada. Igizeni mkiwa wanne, kila mtu na kazi yake, mmoja akiandika saa. Mara ya kwanza mtakuta hakuna aliyeita msaada. Kila mmoja alidhani mwenzake ameita.

Au salfeti ya magnesia kwa kifafa cha mimba. Kosa la kawaida ni kuhesabu chupa badala ya gramu. Dawa ya asilimia 50 ina nusu gramu kwa kila mililita, hivyo gramu 4 ni mililita 8. Ongeza mililita 12 za maji ya sindano upate mililita 20 za asilimia 20, za kupitisha kwenye mshipa taratibu kadiri mwongozo wa hospitali unavyosema. Kwa utaratibu wa sindano za msuli, zinafuata gramu 5 kila takoni, yaani mililita 10 za asilimia 50 bila kuchanganywa na maji. Sasa tazama chupa: ipo ya mililita 2 yenye gramu 1, na ipo ya mililita 10 yenye gramu 5, zote za asilimia 50. Aliyekariri "chupa nne" ataua mtu siku bohari itakapoleta chupa kubwa. Fanya hesabu hiyo kwa aina zote mbili hadi iwe nyepesi, kisha ongeza maswali ya kabla ya dozi inayofuata: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti likigongwa liruke, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita, na glukoneti ya kalsiamu, dawa ya kuondoa sumu ya magnesia ikizidi, gramu 1, ambayo ni mililita 10 za asilimia 10, iwe karibu. Ukiwa mwanafunzi unaichota mbele ya msimamizi, naye anasoma lebo pamoja nawe.

Kumpa mtoto pumzi kwa mfuko na barakoa nako ni hivyohivyo: mwanasesere, saa, dakika moja tangu azaliwe hadi pumzi ya kwanza, kisha pumzi kama 40 kwa dakika. Anayeshindwa kwa kawaida anautazama mfuko. Tazama kifua, kisipopanda, rekebisha mkao wa kichwa na barakoa kabla ya kukamua kwa nguvu zaidi.

Baada ya hayo yote, kuna hali ambazo ningekuambia uhame. Programu ikiwa haijaidhinishwa na baraza la wauguzi na wakunga, ondoka hata ukirudia mwaka; kutambuliwa na mamlaka ya vyuo vikuu pekee hakukupi leseni. Kama wanafunzi wanasainiwa kitabu kwa kazi ambazo hawakufanya, fikiria sana, maana saini hizo hazitakushika mkono ukiwa peke yako usiku kazini. Na kama mmeomba zamu na wasimamizi kwa maandishi, mkajibiwa hapana bila sababu, basi idadi ya kusajiliwa inaweza kweli kukukimbia. Nje ya hapo, mwaka mzima wa kurudia, pamoja na ada yake na saa za mazoezi ambazo chuo kipya kinaweza kukataa kuzihesabu, ni gharama kubwa kwa tatizo ambalo barua ya zamu na boksi la kadibodi vinaweza kulitatua. Kuna njia ya katikati ambayo vyuo vingi huikubali kuliko wanafunzi wanavyodhani: wiki nne hadi sita katika hospitali ya rufaa, mwaka wa tatu au wa nne, kwa barua ya makubaliano. Ukiipata, usiende kuongeza idadi ya kuzalisha. Nenda wodi ya watoto njiti, wodi ya wajawazito wenye shinikizo la damu, na chumba cha upasuaji, yaani mambo ambayo kwenu hayapo au ni machache. Ukiulizia kuhama, omba jibu la maandishi kuhusu masomo yatakayotambuliwa na saa za mazoezi zitakazohesabiwa, kila kimoja kivyake.

Kitabu cha kumbukumbu kijaze zamu hiyohiyo, kabla hujavua sare. Pembeni ya kila kazi andika neno moja la ulichosahihishwa: "nilivuta", "kibofu", "nilichelewa kuita". Baada ya miezi miwili utaona neno gani linajirudia, na hilo ndilo la kumpelekea mkufunzi.

Na yapo ambayo mimi kwa maandishi siwezi kukusaidia, nenda ana kwa ana. Kituo cha tumbo omba kurudia mbele ya mkufunzi, mkono wake juu ya wako. Dakika kumi za hivyo zinazidi aya zangu zote. Ukiona umeanza kukwepa leba kabisa, unabadilishana zamu na wenzako ili usiende, au hulali, au unakumbuka mtoto aliyefariki ukiwepo na picha haiondoki, mwone mshauri wa wanafunzi au daktari wiki hii, usisubiri likizo. Na ukichomwa na sindano au damu ikikurukia jichoni, hilo halisubiri hata mwisho wa zamu: osha ngozi kwa maji na sabuni bila kuikamua, jicho lioshe kwa maji mengi, mwambie msimamizi palepale, na uanze tathmini ya dawa za kinga dhidi ya VVU mapema iwezekanavyo. Dirisha lake ni saa 72, kila saa inayopita inapunguza nguvu ya dawa, na zikianza hunywewa siku 28. Wanafunzi huficha ajali hizi kwa kuogopa kugombezwa. Ulizia sasa, kabla halijakutokea, dawa hizo hospitalini kwenu zinatunzwa chumba gani na nani ana ufunguo usiku.